Glovu ya Maji na Ng'ombe wa Heru Juu

Je, mtu aliyefundishwa vizuri kazi ambayo mila ya kwao haimruhusu kuishika, tuseme amefunzwa au hajafunzwa? Nimeligeuza swali hili kila upande tangu siku ile Heru Juu, na mpaka leo sina jibu ninaloweza kulitia saini.

Kazi yangu ni kupima mafunzo. Shirika likigawa ng'ombe wa maziwa kwa wafugaji wadogo, na maafisa ugani wakishawafundisha kuwalisha, kuwakamua na kuwatibu, mimi hutumwa baadaye na fomu zangu kuangalia kama mafunzo yamefika bandani au yameishia kwenye benchi. Kazi hii naijua. Nimesomea sayansi ya wanyama chuo kikuu, nimeingia mabanda ya mikoa mingi, na naweza kumtazama ng'ombe akiinuka nikakuambia analala juu ya nini. Sisemi haya kwa majivuno. Nayasema ili ieleweke kwamba kosa nitakalolisimulia halikutokana na ujinga.

Wiki iliyotangulia nilikuwa Kibondo, upande wa Mabamba, na mambo yalikwenda vizuri kupita kiasi. Wanawake niliowahoji walijua kila kitu: kuosha kiwele kwa maji ya uvuguvugu, kukamua matone ya kwanza ndani ya kikombe cheusi ili mabonge ya ugonjwa yaonekane, kutoivuta chuchu bali kuibana. Niliondoka na mkoba uliojaa "ndiyo". Niliingia Kasulu nikiwa tayari nimeiandika ripoti kichwani.

Heru Juu nilipelekwa na bwana mifugo wa eneo lile, mtu wa miteremko ya Kilimanjaro, mchapakazi, anayependwa na wanafunzi wake. Alitaka nione jinsi anavyofundisha. Alichukua glovu ya mpira, akaijaza maji, akaifunga juu ya fito kati ya nguzo mbili, akatoboa ncha za vidole kwa sindano. Hicho ndicho kiwele chake cha darasani. Wanawake wakapanga mstari na kila mmoja akakamua kwa zamu, maji yakilia ndani ya ndoo.

"Wewe unakamua au unamnyonga?" mmoja alimtania mwenzake.

"Mwache, ana hasira na mumewe."

"Mimi naipenda glovu hii," akasema wa tatu, "haipigi teke wala haina wifi."

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Nami nilicheka. Nilikuwa nimeambiwa jambo kubwa mbele ya uso wangu, nikalichukua kuwa mzaha.

Aliyekamua vizuri kuliko wote alikuwa mjane wa makamo, mwembamba, mwenye daftari lililofunikwa kwa gazeti. Ndani yake mlikuwa na kila somo, kwa mwandiko wa mtu aliyeacha shule bila kupenda. Ng'ombe wake ndiye aliyekuwa amenipeleka pale. Kanuni ya mradi ilikuwa wazi: mfugaji akikutwa mara mbili hafuati mafunzo, ng'ombe anahamishiwa kwa mwingine anayesubiri kwenye orodha. Mjane huyu alikwisha kukutwa mara moja, maziwa yake yakiwa na mabonge. Fomu yangu ilikuwa ya pili.

Tulifuatana naye hadi kwake, tukipita kati ya mihogo na maharage. Banda lilikuwa safi. Matete yalikuwa yamekatwakatwa vizuri, maji yalikuwepo, sakafu ilikuwa kavu. Lakini ng'ombe alisimama ametanua miguu ya nyuma, kiwele kimejaa hadi kung'aa, na jua lilikwisha kupanda. Nilipogusa robo moja ya nyuma ya kiwele hicho niliikuta ya moto na ngumu kama kiazi kibichi.

"Mama," nilimwuliza, "umeandika humu kwamba kila asubuhi unapima kwa kikombe cheusi. Leo umepima?"

Akatazama chini. "Anayekamua hajafika."

"Nani anakamua?"

"Shemeji. Mdogo wa marehemu."

Bwana mifugo aligeuka kwa mshangao wa kweli. "Mama, si wewe? Darasani unawashinda wote!"

"Darasani ni glovu, mwalimu."

"Na miezi yote hii hukuniambia?"

"Ulikuwa unafundisha kwa moyo," alisema kwa upole. "Mgeni akikukaribisha chakula chake, humwambii kwamba kwenu hakiliwi."

Baadaye bwana mifugo alinieleza kuwa kwao Kilimanjaro mama yake ndiye aliyekamua maisha yake yote, na haikumjia akilini kuuliza. Huo ulikuwa udhuru wake, na ulitosha. Mimi sikuwa na udhuru. Mimi ni mzaliwa wa Kibondo. Bibi yangu alisafisha vibuyu vya maziwa kwa moshi, alitikisa maziwa hadi siagi ikatoka, aliwajua ng'ombe kwa kikohozi chao, na hakuwahi hata siku moja kuchutama chini ya kiwele. Katika nyumba nyingi za Waha wenzangu nilizozijua, mwanamke hakamui. Akikamua, husemwa kwamba ng'ombe watakauka na ukoo wa mume utapungua. Niliyajua hayo kabla sijajua kusoma. Na mwongozo aliokuwa akiufundishia yule bwana mifugo, wenye picha ya mwanamke amekaa kwenye kigoda akikamua, niliuandika mimi. Niliuandika mezani, katika mji wa mbali, nikitaka wanawake waonekane. Nilidhani nikiichora picha, desturi itaona haya iondoke.

Shemeji alifika akiwa hana haraka, jembe begani, koti la mvua kiunoni. Alitusalimu, akachukua ndoo, akachovya vidole ndani ya maziwa ya mikamuo ya kwanza ili viteleze, akaanza kuvuta chuchu kwa gumba. Yote tuliyokataza aliyafanya kwa ustadi. Ng'ombe akarusha mguu.

"Hivyo unamuumiza," nilisema.

"Dada, mmekuja kukagua ng'ombe au kukagua wajane?"

Nilimjibu kwa Kiha. Akasimamisha mikono, akanitazama upya.

"Kumbe wewe ni wa kwetu! Basi unajua. Unakagua nini sasa kama unajua?"

"Mbona hukuwahi kuja kwenye mafunzo?"

"Nije kwa mwaliko wa nani? Wanaitwa wao. Wanakwenda, wanakunywa soda, wanapewa daftari. Mimi huitwa na ng'ombe tu." Akakamua mara mbili tatu. "Na shemeji huyu akinirudia na maneno ya daftari, naona ananipa amri. Nikikasirika nachelewa kuja. Nakwambia ukweli."

Shemeji alimaliza, akaondoka. Kisha mjane alinivuta kando, penye rundo la samadi, mahali ambapo bwana mifugo asingesikia.

"Dada, nikikamua mimi, watu wa nyumba ya marehemu watanitenga, na uwanja huu ni wao. Nisipokamua, ng'ombe anaoza kiwele na ninyi mnamchukua. Watoto wangu warudi kwenye chai ya rangi. Wewe uliyesoma, niambie nichague lipi."

Nilimwomba muda mpaka asubuhi, na alinikubalia kwa sauti ya mtu aliyezoea kuombwa muda.

Jioni nilikaa kwenye ukumbi wa nyumba ya wageni Kasulu, fomu mbele yangu. Swali la saba liliuliza: Je, mfugaji anatumia mafunzo aliyopewa? Palikuwa na visanduku viwili. Nikiweka alama kwenye "hapana", ningekuwa nimesema kweli na kumnyang'anya ng'ombe mwanamke ambaye hakukosa. Nikiweka kwenye "ndiyo", ningekuwa nimeongopa, na ng'ombe angeendelea kuugua mikononi mwa mtu yule yule. Muuza duka wa jirani, mzee wa Kiislamu aliyekuwa akifunga milango yake, aliniona nimeinamia karatasi ile moja muda mrefu, akasema, "Mama, karatasi ikikataa kujazwa, huenda imepewa mtu asiye wake." Alikuwa akizungumzia, nadhani, fomu za leseni. Lakini nilicheka, kwa kuwa kauli yake ilifaa hapo hapo.

Palikuwa na njia ya tatu, na niliijua kwa sababu kanuni za tathmini nilishiriki kuzitunga. Mpimaji anaweza kuomba upimaji uahirishwe endapo atathibitisha kwa maandishi kwamba hitilafu iko kwenye mafunzo yenyewe. Nilikuwa sijaona mpimaji akiitumia njia hiyo, maana hulazimika kuandika kosa ni la nani. Nilifikiri kidogo juu ya jina langu, na juu ya mkoba wa "ndiyo" kutoka Kibondo, ambazo sasa nilizitilia shaka zote. Wale wa Mabamba walinijibu kweli: walijua. Sikuwauliza mkono wa nani unakamua. Nilipopanda kulala nilikuwa nimekwisha kuamua, na moyo wangu ulikuwa mtulivu. Nimekosea katika maisha yangu kwa njia nyingi. Kuahirisha jambo nililokwisha kuliamua si mojawapo.

Alfajiri nilimwamsha dereva wa bodaboda, tukapanda Heru Juu ukungu ukiwa bado mashambani. Bwana mifugo alitukuta njiani na dawa na kikombe cheusi. Hatukwenda kwa mjane kwanza. Tulikwenda kwa shemeji yake, nikabisha hodi, nikasimama uani kwake kama anavyosimama mtu aliyekuja kuomba.

"Nimekuja kukuita," nilimwambia. "Mafunzo ni leo, na mwaliko ni wako."

Alinitazama, akamtazama bwana mifugo, akatazama rejista niliyokuwa nimeifungua. Nilimpa kalamu, akaandika jina lake mwenyewe, taratibu, akiikandamiza karatasi.

"Na soda?" akauliza.

"Soda tutakunywa ukishakamua."

Bandani alinawa mikono kwa sabuni huku akilalamika juu ya baridi ya maji, ingawa maji yalikuwa ya moto. Mjane alisimama nje ya mlango, daftari mkononi. Bwana mifugo alitaka kuanza kueleza. Nilimgusa mkono anyamaze. Mjane akafungua ukurasa.

"Shemeji," alisema, "matone matatu ya kwanza, kila chuchu, ndani ya kikombe."

Nilidhani atakataa. Akakamua. Kutoka robo ile ngumu yalitoka mabonge ya njano juu ya weusi wa kikombe, na yeye aliyekuwa akiyachanganya kwenye ndoo kila siku akayainamia karibu kabisa.

"Hii tulikuwa tunakunywa?"

"Tulikuwa tunakunywa," mjane akajibu.

Shemeji akavuta kigoda karibu.

Niliiweka fomu juu ya ukuta wa kihori. Kwenye swali la saba niliweka alama kwenye "hapana". Chini yake, katika nafasi ya maelezo, niliandika: Mafunzo yalipewa mtu asiyekamua, na anayekamua hakuitwa. Kosa hili limo katika mwongozo, na mwongozo niliuandika mimi nikiijua desturi hii. Naomba upimaji uahirishwe, ng'ombe abaki hapa alipo, na waliopimwa Kibondo wapimwe upya saa ya kukamua. Nikatia saini, nikampa bwana mifugo kalamu. Naye akatia saini yake chini ya yangu.

Nyuma yetu sauti ya mjane iliendelea, haikupanda wala kushuka: "Usiivute, shemeji. Ibane kutoka juu. Bado hiyo ya nyuma, usiinuke."