Bima Kubwa ya Bernadina

Pale Daa, kijiji cha wilaya ya Karatu, Bernadina wa Clemensi alijulikana kwa mambo mawili: kabichi zake hazikuwa na funza, na ulimi wake haukuwa na breki. La kwanza lilimpatia mteja mkubwa, loji moja ya ukingoni mwa kreta, alikopeleka mboga kila Jumanne na Ijumaa. La pili lilimpatia maneno ya watu, na kwa kuwa maneno ya watu hayalipi ada ya shule, hakuyapa muda.

Mboga hizo zilipanda Ngorongoro kwa pikapu kuukuu aina ya Land Rover, ambayo yeye na mumewe waliinunua mwaka 1994 baada ya mavuno ya ngano ambayo hadi leo hayajajirudia. Clemensi aliiendesha miaka minane bila kumgusa mtu, kwa mwendo ambao kuku walimaliza kula kwanza ndipo wakapisha. Kisha macho yake yakaanza kuingia ukungu. Akaficha. Alificha miezi mitatu, hadi siku aliposimamisha gari katikati ya njia, akavua kofia na kumwamkia padri, kumbe ni kisiki. Bernadina alichomoa ufunguo papo hapo na hakuurudisha.

Dereva wa kuajiri walimjaribu mmoja. Aliuza dizeli yao na kuinywa bei yake. Wavulana wao wawili walikuwa bado shule ya msingi. Alibaki Selina, kifungua mimba, msichana wa miaka ishirini aliyemaliza kidato cha nne na kukaa nyumbani akingoja bahati ipige hodi.

Clemensi alimfundisha kwenye shamba lililokwisha vunwa. Hakuona vizuri, lakini masikio yalikuwa mazima. Alikaa kiti cha pembeni, mikono magotini, akisikiliza injini.

"Gia inalia, mwanangu," alikuwa akisema. "Inakuambia umechelewa."

Baada ya miezi michache Selina akapata leseni kwa jaribio la kwanza, jambo ambalo Clemensi alilisimulia mpaka kwenye jumuiya, katikati ya rozari. Bernadina alijivuna, ndiyo, lakini pia aliogopa. Kumzaa mtoto ni kazi ya siku moja. Kumkabidhi barabara ni kazi isiyoisha.

Loji ilitaka kila gari la kuleta mizigo liwe na bima kubwa, ile inayolipa hata gari lako mwenyewe likiharibika. Kwa hiyo, mapema mwaka 2003, mama na binti walikwenda Karatu mjini kwa wakala wa bima, Elimringi, mtu wa Machame aliyevaa tai hata siku za vumbi.

"Mama, dereva ana miaka ishirini na leseni ni ya juzi," alisema Elimringi. "Kwa vijana wa namna hiyo kampuni inapandisha bei. Si mimi."

Akaandika tarakimu kwenye karatasi na kuigeuza upande wao. Bernadina akairudisha kwa kidole.

"Hii ni bei ya ng'ombe."

"Wapo wanaoandika jina la baba," Elimringi alisema, akishusha sauti. "Inakuwa nafuu."

"Na siku gari likianguka, mkija mtamkuta nani kwenye usukani?"

"Ndiyo maana sikushauri, mama. Nimesema wapo tu."

"Basi andika Selina Clemensi. Andika kwa herufi kubwa."

Elimringi akaandika, kisha akainua kalamu. "Jambo moja zaidi. Bima hii inamjua dereva, mzigo, na mtu mmoja kiti cha mbele. Haimjui mtu aliyekaa juu ya mzigo. Akikutwa hata mmoja juu ya kabichi, karatasi hii mnaweza kufungia vitumbua."

Bernadina akamuuza maksai mmoja kati ya wawili waliokuwa wakilimia. Clemensi alilalamika kwamba maksai mmoja halimi. Bernadina akamjibu kwamba maiti nayo hailimi, na mjadala ukaishia hapo.

Haikupita mwezi. Siku ya mnada wa tarehe saba, Bernadina alitangulia Karatu alfajiri kushika nafasi ya kuuzia, akamwachia Selina alete mzigo. Saa tatu akaliona gari likija polepole, kwa adabu kabisa, bila kasi wala mbwembwe. Juu ya kabichi walikuwa wamekaa watu kumi na mmoja, mbuzi wawili, na kiti cha mbele mzee Hhando na fimbo yake. Bernadina akakaa chini palepale kwenye vumbi. Hakusema neno mbele za watu, na waliomfahamu walijua kwamba hiyo ilikuwa dalili mbaya.

Alisubiri mpaka wamefika nyumbani.

"Selina, wakala alisema nini?"

"Alisema mtu asipande, mama."

"Na wewe ukafanya nini?"

Selina alikuwa akilia. "Nilimkuta aako Hhando amesimama katikati ya barabara, ameinua fimbo. Babu wa watu wote hawa. Ningempitaje? Na nikishasimama kwa ajili yake, waliokuwa nyuma yake ningewaambia nini?"

Bernadina akageuza maswali upande wake mwenyewe. Kwani nani alimfundisha mtoto huyu kwamba kijana hampiti mzee njiani kama anapita jiwe? Nani alimchapa akiwa na miaka saba kwa kumpita bibi aliyebeba kuni? Hapo ndipo alipoona hatari yake ilipo. Wazazi wengine waliogopa watoto wao wasije wakakimbiza gari. Yeye alikuwa na mtoto asiyekimbiza, asiyelewa pombe, asiyejibu wakubwa, na tabia hiyo njema ndiyo ingemuua.

Akajaribu kukaa naye kiti cha mbele awe mkataaji. Haikusaidia. Watu walidandia nyuma wakati yeye anabishana na wa mbele, na maneno yakamiminika. Clemensi alitubeba miaka minane bila kutuuliza karatasi. Nyie mmekata bima mmepata kiburi. Mwanamke mmoja alimwambia kanisani kwamba hata punda wa Yosefu alibeba mjamzito. Bernadina akamwambia punda hana breki za kukatika.

Ndipo akaamua kufanya jambo ambalo wanawake wa Daa hawakulizoea. Alipika pombe madebe mawili, akayapeleka kwenye kikao cha wazee, akaomba asikilizwe. Mzee Hhando ndiye aliyekuwa akiongoza. Alikuwa mrefu, mkavu, anachechemea mguu wa kushoto, na neno lake pale lilikuwa na uzito kuliko la mtendaji wa kata. Wakanywa kwanza, kama inavyopasa. Kisha akamwambia aseme.

"Wazee wangu, mnamkumbuka kaka yangu Wilibrodi," alianza Bernadina. "Alikufa mwaka themanini na nne, lori la mahindi lilipopinduka pale korongoni tukienda mnadani. Alikuwa amekaa juu ya magunia. Walikufa wanne. Na dereva wake mnamkumbuka, kijana wa miaka ishirini na mmoja. Tulimwita mwendawazimu. Mama yangu alimlaani kwa jina. Alihamia Mbulu na hakurudi hata kuwazika wazazi wake."

Wazee wakatikisa vichwa. Kweli, huyo alikuwa mwendawazimu.

"Mimi nilikuwa kwenye lori lile. Nilikuwa mama kijana, nimekaa pembeni ya kaka yangu. Kijana yule hakukimbiza gari. Alisimama mara ya kwanza, akapakia. Akasimama mara ya pili, akapakia. Kila aliyeinua fimbo alisimamiwa. Tulipofika korongoni tulikuwa wengi kuliko magunia, breki zikashindwa. Miaka kumi na tisa nimenyamaza kwa sababu ni aibu kulisema. Yule mtoto hakuwa na wazimu, wazee wangu. Alikuwa na adabu. Sisi ndio tuliomlemea, halafu tukamlaani."

Mtu mmoja alitaka kuchota pombe akaghairi.

"Sasa binti yangu naye ana adabu," Bernadina alimalizia. "Mimi siwezi kumwondolea, na sitaki. Nyinyi ndio mnaoweza kumpa ruhusa ya kuwapita. Nimeuza maksai kununua bima, lakini bima ya Elimringi inalipa mabati. Ya kumlinda mtoto mnayo nyinyi."

Mzee mmoja akaanza kusema kwamba mambo ya zamani hayafukuliwi. Hhando akamzuia kwa mkono. Akautazama mguu wake mbovu.

"Aliyemsimamisha yule kijana mara ya mwisho ni mimi," alisema. "Alinisihi. Aliniambia, aako, gari limejaa. Nikamuuliza wewe ni mtoto wa nani unayenijibu hivyo. Akanipakia. Mimi nikatoka na mguu huu." Akaugusa kwa fimbo. "Nilisikia watu wakimlaani, nikaitikia pamoja nao."

Hakuna aliyemtazama. Bernadina mwenyewe hakuwa amelijua hilo. Alitegemea kubishana, alikuja na maneno makali mengine matano tayari mdomoni, na sasa hayakuwa na kazi. Hasira ilimpanda, kisha huruma ikaja nyuma yake, zikakaa pamoja bila kusukumana.

Hhando akasimama kwa fimbo yake, na wazee wote wakasimama. Akatoa neno. Kuanzia siku ile, mtu wa Daa asiinue mkono wala fimbo mbele ya gari linaloendeshwa na kijana. Kijana akimpita mzee kwa gari, amemheshimu. Atakayemsimamisha atatoa kondoo. Mzigo upakiwe nyumbani, kiti cha mbele ni cha mgonjwa na cha mama mwenye uchungu, basi. Kisha akaomba slufay, baraka ya wazee, kwa ajili ya Selina na magurudumu yake, wengine wakiitikia kila mstari, na bila kuambiwa na mtu akalitaja pia jina la yule kijana aliyehamia Mbulu.

Alipomaliza akamgeukia Bernadina.

"Neno hili ni la watu wote. Hata mwenye gari."

"Hata mimi," alisema Bernadina.

"Ukionekana umepanda, limekufa."

"Nimesikia, mzee."

Mnada uliofuata mvua ilikuwa imenyesha, na udongo mwekundu ulinata miguuni kama ugali. Watu kama thelathini walishika njia asubuhi, mwendo wa zaidi ya saa mbili. Bernadina alikuwa kati yao na kapu la mayai kichwani. Goti lilikuwa likimuuma tangu mlango wa nyumba yake. Alitembea karibu na mzee Hhando, ambaye kila hatua aliivuta kama anayeng'oa kigingi, na hakutaka kushikwa mkono.

Walitaniana njia nzima. Mwanamke yule wa punda wa Yosefu alisema kwamba Bernadina amekuwa tajiri wa kwanza wa Daa kutembea kwa miguu ili gari lake lipumzike. Bernadina akamwambia apunguze maneno, kilima kinakuja.

Wakasikia injini nyuma.

"Anakuja," alisema Hhando.

Wote wakasogea ukingoni. Hakuna aliyewaambia. Wanaume wakashusha fimbo zao chini kabisa, wengine wakaficha mikono mifukoni wasije wakaiinua kwa mazoea. Bernadina akageuka. Gari lilikuwa limejaa kabichi mpaka juu, limefungwa turubai, na nyuma ya kioo aliuona uso wa Selina, mikono miwili kwenye usukani. Mwendo ukapungua. Alikuwa amemwona mama yake.

Bernadina akashika kapu kwa mikono miwili. Alijua mtoto anaona nini: mama yake mzazi kwenye tope, kapu kichwani, anachechemea. Alijua pia kwamba akisimama sasa, hata kwa salamu tu, wiki ijayo atasimama kwa ajili ya shangazi, na wiki nyingine kwa ajili ya kijiji. Goti lake lilitaka gari lisimame. Vingine vyote vilivyokuwa ndani yake vilitaka lipite. Hakupunga mkono wala kukunja uso. Hili lilikuwa la Selina mwenyewe.

Selina akainamisha kichwa kuwasalimu, kama anavyosalimu mtoto aliyelelewa, akabadilisha gia, nayo haikulia. Akampita mama yake. Akampita mzee Hhando. Akawapita wote thelathini, mmoja baada ya mwingine, na gurudumu la nyuma likawarushia tope la uso.

Hhando alijifuta shavu kwa kiganja, akakitazama.

"Amenipita," aliwaambia waliokuwa karibu, kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi ya shamba. "Mmeona? Mtoto wa Clemensi amenipita."

Wanawake wakapiga vigelegele, na wa kwanza kuvipiga alikuwa yule wa punda. Mbele yao gari likateremka korongoni. Taa za breki ziliwaka, zikazima, zikawaka tena, na vigelegele vikakatika mpaka lilipotokea upande wa pili na kuanza kupanda, likiwa limebeba kabichi tu. Bernadina alikuwa akilia waziwazi na tope usoni, na mikono yote miwili imeshika kapu, kwa hiyo Hhando akamfuta machozi kwa upindo wa koti lake.