Kipa Kapteni wa Mabula

Mabula alianza kumshuku mkewe, kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu.

Kila Jumatatu pale machimbo ya dhahabu ya Mwakitolyo, kabla hajashuka shimoni, mshika kamba wake Edson, aliyemteremsha, alimpokea kwa salamu ya Kisukuma na habari ambazo hakuna binadamu aliyepaswa kuzijua.

"Mwangaluka, Baba Scola! Yule beki uliyemweka benchi kafunga mawili. Ulimweka akulindie viatu?"

Wachimbaji kumi na mmoja wa duara lao, yaani shimo lao la dhahabu, walicheza fantasi kwenye simu: unapanga wachezaji wa Uingereza, wakifunga unavuna pointi, na kapteni wako anavuna mara mbili. Mabula alikuwa wa kumi. Wa kumi na moja alipoteza simu tangu Oktoba.

Sasa Edson alijuaje ya benchi? Mabula alipanga kikosi chake chooni, mlango kaufunga kwa waya. Alibadilisha namba ya siri mara tatu. Ugali ulimshinda. Hata kuku akimkazia macho, simu ilihamia mfuko mwingine.

"Mama Scola," alimbana mkewe Melania, "unamtajia Edson kapteni wangu?"

"Kapteni wa meli gani, Mabula, na hapa maji yenyewe tunanunua kwa dumu?"

Jibu la haraka mno. Akalishuku nalo.

Akatega mtego. Ukapteni akampa kipa wa timu inayoburuta mkia, jambo ambalo mwenye akili timamu hawezi kulikisia. Mkewe alikuwa kwao Samuye wiki nzima. Kipa akafungwa matano.

Jumatatu Edson alikuwa amekaa chini, anafuta machozi ya kicheko. "Baba Scola... kipa?"

Mabula akaifungua kamba kiunoni. "Leo anishushe mwingine."

Kicheko kikakatika. Pale machimboni unaweza kumtukana mtu mpaka babu yake na ukasamehewa. Kuikataa kamba yake ni kusema ataiachia.

"Miaka sita nakushusha," Edson alisema polepole. "Nilishawahi kukuachia?"

"Mtu anayeingia kwenye simu yangu hashindwi kitu."

Edson akatoa simu yake, akafungua msimamo wa ligi, akabonyeza jina la Mabula. Kikosi chote kikamwagika hadharani: kipa, mabeki, benchi na aibu zake.

"Mechi zikianza, kila mtu anaona cha kila mtu. Msimu mzima hujawahi kubonyeza jina langu?"

Hakuwahi. Hapa ukichungulia duara la mwenzako unatafutiwa panga. Mabula alijua adabu za mashimo, akadhani na simu ina adabu.

Alijifunga kamba tena. Mita arobaini za giza zilimngoja, na kwa mara ya kwanza tangu amfahamu Edson alikuwa amelikagua fundo mara mbili. Kwa ajili ya kipa wa Uingereza ambaye hata mji wa Kagongwa haujui.

Akaitoa simu, akafuta timu, akamkabidhi Edson simu yenyewe, akaning'inia.

Kufika katikati, kamba ikasimama.

"Baba Scola!" sauti ikashuka kutoka juu. "Wiki hii kapteni nani?"

"Sina timu!"

"Umeifuta kweli, au unanitega tena?"

"Shusha, Edson."

Kamba ikaanza kuteremka, taratibu, kama ya mtu ambaye bado anachungulia simu kuhakikisha.