Siku shangazi alipokataa kutikisa kikombe Ibra

Wakuu, salaam nyingi. Haya ninayoandika yamenitokea mwenyewe. Chumvi nimetia kidogo tu, ya kuonjea.

Mie mzaliwa wa Ibra, Sharqiyah, bara ya Oman. Huku jua likiamua, yai linaiva likiwa bado ndani ya kuku.

Mchana nauza matairi. Jioni nilikuwa nasoma utalii, nikahitimu. Cheti nimekitundika sebuleni, kimeizidi televisheni kwa ukubwa.

Mteja wangu wa kwanza? Shangazi yangu, Bi Asya, dada yake marehemu baba. Baba alihamia Oman kijana, yeye akabaki Wete, Pemba. Alikuja Maskati harusini, na kabla ya ndege yake akabakiwa na siku moja ya kuja kwetu.

Siku moja! Nikapanga program ya kumtoa jasho hata mfalme. Ngome, makumbusho, falaj, yaani mfereji wa kale wa maji, minara ya vilimani, jioni ngamia kwenye mchanga. Na kwa kuwa ilikuwa Jumatano, soko la wanawake, ambako mwanamume haingii. Yaani guide ningesimama nje kama mbuzi wa kuuzwa.

Tumo garini namsomea program, akanikata.

"Yote mazuri, mwanangu. Nyumba ya babaangu iko wapi?"

Babu alizaliwa mtaa wa zamani wa Ibra. Ami zake walimchukua Pemba angali mdogo, hakurudi tena. Mpaka anakufa akiwasimulia wanawe chumba alicholala: ukutani vidaka vitatu vya kuwekea vitu, cha katikati kimepakwa buluu.

Shangazi alitaka kitu kimoja tu. Akae ndani ya chumba kile.

Wakuu, mie napita pale kila siku na gari la matairi. Sijawahi kusimama.

Tukafika. Dari imeanguka, magogo ya mitende yamelala ovyo, na mbele uzio na kibao: hatari, usiingie. Ila ukuta mmoja umesimama. Na vidaka vyake vitatu. Na buluu, imebaki kiasi cha ukucha.

Shangazi akashika uzio. Nikataka kumpiga picha, simu ikawa nzito mkononi.

Nyumba ya jirani akatoka mama mmoja, Bi Zuweina, mjane, Kiswahili hajui zaidi ya "karibu". Akatuvuta barazani kwake. Baraza inautazama ukuta ule uso kwa uso. Shangazi akachagua pa kukaa mwenyewe.

Zikaja tende, ikaja kahawa ya iliki.

Sasa kwa msiojua: huku anayemimina hakai. Kikombe kikiisha anakijaza tena, mpaka ukitikise kidogo. Ukitikisa, maana yake bas, nimetosheka. Na baada ya hapo mgeni huaga.

Shangazi hakutikisa.

Akajaziwa. Akanywa. Akajaziwa. Mie nimeshatikisa zamani, nimebaki natoka jasho la aibu. Amekunywa kahawa ya kumkeshesha mpaka Ramadhani! Bi Zuweina amesimama na birika, magoti yake yenyewe ya uzee.

Nikamnong'oneza, "Shangazi, kitikise. Ndiyo ada ya huku."

Hakunigeukia. "Wanifunza mie? Babaangu akitikisa kikombe Wete nzima ikimcheka. Najua."

"Sasa?"

"Nikitikisa, si tunaondoka?"



Bi Zuweina akaniuliza kwa Kiarabu, "Asemaje?" Nikamfasiria. Akautazama ukuta, akamtazama shangazi, akaingia ndani. Nikadhani amechoka nasi.

Akarudi na birika la pili.

"Mwambie mkono wangu haujauma."

Basi program ikafa hapo hapo. Ngamia sijui walipandwa na nani. Tulikaa mpaka kivuli kikapanda ukutani na kukifunika kidaka cha katikati.

Hapo ndipo shangazi alipotikisa kikombe. Kidogo tu, kama mtu anayemuaga mtoto aliyelala.

Nikamrudisha Maskati akapande ndege yake.

Sasa ananipigia simu kila Ijumaa kutoka Wete. Nikisema shikamoo anaitikia haraka haraka, kisha anauliza, "Ukuta umesimama?"

"Umesimama, shangazi."

Ili nisiseme uongo, kila Alhamisi napitia kwa Bi Zuweina. Mvua ikinyesha usiku silali kwa kuuhofia ukuta, na hapa sitii chumvi. Nakaa pale pale barazani alipokaa shangazi, natazama buluu ile ya ukucha, namkumbuka babu nisiyemjua. Birika linakuja. Nami nimeanza kuchelewa kutikisa.

Nilichojifunza: mgeni muulize kwanza anachokitamani, kisha ndiyo ufungue ramani.

Haya, nanyi. Mwenye nyumba ya wazee wake mahali asipofika, atuandikie hapa chini ilikuwaje. Mlango wake, dirisha lake, rangi yake. Andikeni kwa kirefu, sitikisi leo.