Kaka Yangu Alinyimwa Ugali Ili Akili Irudi

Kaka yangu wa tumbo moja aliniinulia panga saa nne asubuhi, katikati ya pamba, akanitaka nimrudishie ng'ombe wake.

Sikuwa na ng'ombe. Nilikuwa na jembe.

"Kaka, ni Ndaki! Ndaki mdogo wako!"

"Ndaki yupo Geita anachimba. Wewe ni mwizi. Weka kamba chini!"

Kamba yenyewe haikuwepo. Geita niliondoka nywele zangu zikiwa bado nyeusi. Jasho lilimtiririka kama mtu aliyenyeshewa, mikono inatetemeka, macho yanatazama nyuma ya bega langu kana kwamba kuna mwizi wa pili.

Ndugu zangu, mimi nimezunguka. Nimechimba, nimevua, nimeuza sumu ya panya kwenye minada kuanzia Mwanhuzi hadi Lamadi. Nimekimbizwa na fisi, nimekimbizwa na wenye nyumba. Lakini kumwogopa mtu aliyenifundisha kufunga suruali? Hapana, siku ile ilikuwa ya kwanza.

Nikarudi kinyumenyume. Akanifuata hatua chache, magoti yakamwisha nguvu, akakaa chini katikati ya matuta. Panga likamponyoka.

Akaanza kuimba wimbo wa kulimia. Peke yake. Sauti ya mlevi.

Ngoja nieleze nilifikaje pale.

Kaka Mahona ndiye baba yangu, kwa kweli. Mzee wetu alikufa mimi sijaota meno ya mbele, kaka akanilea huko kwetu Zagayu. Shule niliisoma vipande vipande, huku darasa moja, kule nusu, halafu miguu ikaniwasha nikaondoka. Yeye akabaki na pamba na ng'ombe.

Sasa mwaka huu, kabla ya palizi, akanipigia Specioza, binti yake anayefanya kazi ya ofisi Mwanza.

"Baba mdogo, akili ya baba inaondoka. Juzi asubuhi alimuuliza mama yeye ni mke wa nani. Njoo ukae naye. Wewe si huna pa kwenda?"

Haikuwa tusi. Ilikuwa kweli tupu.

Nilifika jioni nimejiandaa kumkuta mtu aliyekwisha. Nikamkuta amekaa kwenye kigoda anachonga mpini.

"Umerudi, mbwa wa minadani?" akanicheka. "Safari hii umefukuzwa na mume wa nani?"

Nikajiuliza, huyu ndiye mgonjwa?

Chakula kikaletwa. Nyama inaogelea kwenye mafuta ya ng'ombe. Mayai. Parachichi limekatwa vipande. Maziwa ya mgando yenye utando juu, mazito.

Nikanawa, nikasubiri. Nikasubiri tena.

"Shemeji," nikamwambia Milembe, mke wa kaka, "ugali umeusahau jikoni?"

"Muulize mwanao Specioza," akanijibu bila kunitazama.

Kumbe ndiyo dawa yenyewe. Specioza alikuwa amepiga marufuku ugali, wali, viazi, hata michembe yetu ya viazi vikavu, mpaka uji. Nilipompigia simu akanipa somo.

"Baba mdogo, ubongo wa mzee unachoka kutumia sukari. Ukiondoa wanga ukaweka mafuta, mwili unatengeneza chakula kingine cha ubongo. Watu wanafanyia utafiti huko nje. Nimesoma."

"Umesoma wapi?"

"Mtandaoni."

"Na mganga mmoja mtandaoni aliniahidi nitaota nywele."

Hakucheka.

Kaka naye alikuwa amelamba sahani mpaka inang'aa, kisha akashika tumbo. "Nimekula nusu ya ng'ombe," akasema, "na bado sijala."

Hapo Msukuma yeyote anaelewa. Bila ugali, umeonjaonja tu.

Lakini alitii. Na nilijua kwa nini alipotoka kunisindikiza hadi zizini, jua likiwa linazama.

"Ndaki. Nikisahau jina lako, usinisahihishe mbele za watu."

"Sawa, kaka."

"Nikilisahau la Milembe, mtanifungia chumbani kama yule mzee wa kwa Limbu. Miaka amefungiwa, anapiga mlango. Afadhali nile mafuta mpaka nitokwe na pembe."

Nilipapasa ng'ombe shingoni, basi.

Palizi ikaanza. Tukaondoka nyumbani kabla jua halijatoka, kama kawaida, jembe begani. Na kila asubuhi nikaona kaka yangu anapotea mbele yangu. Anapalilia vizuri, jua likipanda anaanza kung'oa pamba na kuacha majani. Ananiuliza mvua ya jana, na jana hakukunyesha. Tukirudi mchana, akila, akapumzika, jioni ni Mahona yuleyule wa matusi na vicheko.

Nikamwambia Specioza: bila ugali anazidi siku hadi siku.

"Mwili unazoea, baba mdogo. Vumilieni."

Nikamwambia Milembe.

"Si mwili," akanong'ona. "Ni masamva, mizimu ya ukoo. Babu aliyemrithisha jina anadai kitu chake. Kuna mtaalamu huko njia ya Meatu, nimeshamtumia ujumbe."

"Wewe si mama wa Jumuiya kanisani, shemeji?"

"Jumapili ni Jumapili. Leo siyo."

Basi, hivyo ndivyo tulivyofika kwenye lile panga.

Ilikuwa Jumamosi na Specioza alikuwa amekuja kumwona baba yake. Alinisikia nikipiga yowe, akaja mbio pekupeku, Milembe nyuma yake. Walimkuta kaka amelala ubavu, wimbo umekatika, mdomo unacheza.

Specioza alikuwa ameshika kikombe cha mafuta ya ng'ombe yaliyoyeyushwa.

"Mpeni, ubongo wake unahitaji mafuta! Baba, fungua mdomo!"

"Atapaliwa huyo!"

"Baba mdogo, niachie!"

Nikakipiga kikombe. Mafuta yakamwagika juu ya pamba, yule mtoto akanitazama kama nimemuua baba yake. Labda alikuwa sahihi. Mimi nilijua nini? Nilijua tu mtu asiyeweza kumeza mate hanyweshwi mafuta.

Thomasi, jirani mwenye bajaji, akaja mpaka ukingoni mwa shamba. Tukambeba. Kaka ni mtu mwenye mifupa mizito, lakini siku ile alilegea kama gunia la pamba ambalo halijashindiliwa.

Nikakaa nyuma, kichwa chake mapajani mwangu. Shati langu likalowa jasho lake. Milembe kashika miguu, Specioza kajibana mbele na Thomasi.

Njia panda.

Huku Bariadi, hospitali. Huku Meatu, kwa mtaalamu.

"Kunja Meatu!" Milembe akasema.

"Mama, hospitali!"

"Hospitali watasema malaria! Mume wangu anaitwa na wazee, ninyi mnataka kumchoma sindano!"

Thomasi akasimamisha bajaji. "Wakubwa, mimi naendesha tu. Semeni."

Milembe akanigeukia. Alikuwa analia bila sauti. "Shemeji, akifia njia ya hospitali, utanijibu wewe. Mbele ya ukoo wote. Umesikia?"

Nilisikia.

Nikamtazama kaka. Jicho moja lilikuwa wazi kidogo, jeupe tupu. Nikamwita, hakusikia. Nikamfinya sikio, kimya.

"Mtaalamu kesho atakuwepo," nikasema. "Huyu sijui. Thomasi, Bariadi."

Njia nzima Milembe alisali rozari yake. Kila tuta nilikuwa naweka mkono puani mwa kaka. Pumzi ipo. Tuta jingine. Ipo. Nimewahi kukaa shimoni udongo ukishuka, lakini ile safari ilikuwa ndefu kuliko shimo.

Hospitali wakamtoboa kidole, wakaweka damu kwenye kile kimashine kidogo. Muuguzi akakitazama, akakiangalia tena, akaita daktari kwa sauti ambayo sikuipenda.

Wakamtundikia maji ya glukosi. Daktari, mama mmoja mfupi mwenye haraka, akasimama juu yake anamkodolea macho.

Tukangoja.

Ndugu zangu, sijaona kitu kama kile. Mtu alikuwa maiti yenye pumzi. Maji yanaingia, rangi inarudi usoni, kope zikacheza. Akafumbua macho, akatazama dari, akatazama dripu, akanitazama mimi.

"Ndaki. Umenikalia mguu."

Kweli nilikuwa nimemkalia.

Milembe akakaa sakafuni. Akacheka, akalia, vyote kwa pamoja.

"Sukari ilishuka sana," daktari akasema. "Mngechelewa tungekuwa tunaongea mengine. Ana kisukari?"

"Ndiyo," Milembe akajibu. "Lakini dawa anameza! Hajawahi kuruka hata siku moja. Nampa mwenyewe, alfajiri, kabla hajatoka."

Alisema kwa fahari. Na kweli, mwanamke yule asingesahau dawa hata nyumba ikiungua.

"Na leo asubuhi alikula nini?"

"Asubuhi? Alikwenda shamba."

"Ndiyo, mama. Kabla ya shamba alikula nini?"

Tukatazamana sote. Ilikuwa kama ametuuliza ng'ombe walivaa viatu gani.

Kwetu mwanaume hali kabla ya kulima. Unaamka, unashika jembe, chakula utakikuta mchana. Anayekula alfajiri ni mtoto, mgonjwa, au mvivu ambaye atatungiwa nyimbo.

"Niliambiwa dawa asubuhi na chakula," Milembe akasema taratibu. "Dawa nikampa asubuhi. Chakula nikampa kikiiva."

Daktari akavuta kiti, tukamweleza habari za lile panga.

"Kuchanganyikiwa kulianza lini?"

"Palizi ya mwaka jana."

"Na vidonge?"

Milembe akahesabu kwa vidole. Nikaona jambo linampanda usoni polepole.

"Mwaka jana," akasema. "Kabla kidogo ya palizi."

"Jioni anakuwaje?"

"Mzima," nikasema mimi. "Jioni anatukana vizuri kabisa."

Daktari akaweka kalamu chini.

Hata mimi wa shule ya vipande nilielewa. Kidonge kinashusha sukari, jembe linashusha sukari, tumbo tupu. Kila asubuhi kaka alikuwa anazama, na mchana ugali unamvuta juu. Sisi tukasema anazeeka kichwa. Tukamtafutia dawa ya ubongo, na dawa yenyewe ikawa kumwondolea ule ugali uliokuwa unamvuta.

Specioza akamweleza daktari lishe yake ya mtandaoni, kisha akashika uso kwa mikono miwili. "Nimemuua baba."

"Hujamuua, anaomba maji pale," daktari akasema. "Hiyo lishe uliyosoma si uongo wote. Utafiti upo, kuna wazee walioonekana kufaidika, lakini ni wachache na bado haijathibitika. Mtu mwenye vidonge kama hivi haondolewi wanga nyumbani. Anakuja kwanza, tunapima, tunabadili dozi. Ungetupigia simu tu."

"Nilijua mtanicheka."

"Ningekucheka, halafu ningekuambia hivihivi."

Wakambadilishia dawa. Tukarudi Zagayu na sharti moja: hatoki kwenda shamba bila kula.

Mnadhani iliishia hapo? Ndiyo vita ilianza.

"Nile alfajiri? Mimi?" kaka akawaka. "Watu wapite wanione natafuna kama mtoto wa shule? Bora lile panga."

Milembe akabembeleza. Specioza akalia kwenye simu. Hakuna. Asubuhi akachukua jembe, akatoka na tumbo tupu, na safari hii hata dawa akaikataa.

Nikabeba sufuria ya michembe iliyopikwa na karanga, nikamfuata. Nikakaa ukingoni mwa shamba, pale njia inapopita, pale kila mtu anaona. Nikaanza kula. Peke yangu.

Akinamama wakapita na majembe. "Mwangaluka! Ndaki, unakula saa hizi? Kumbe ndiyo maana huna mke!"

"Mwangaluka! Karibuni, wavivu tupo wachache!"

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Wakapita wengine, nikachekwa tena.

Kaka alikuwa amesimama kwenye matuta na jembe lake, ananitazama. Muda mrefu. Kisha akaja, akaketi kando yangu, akaingiza mkono sufuriani.

"Sogea," akasema. "Na ukome kuwaita watu karibu, hiki chakula ni kidogo."

Mpaka leo kuna vitu anavisahau, ni mzee. Lakini asubuhi ananijua.

Nawaachia hili, mlio na wazee nyumbani. Mzee akianza kupotea, msikimbilie mitandao wala waganga kabla hamjauliza anameza nini, saa ngapi, juu ya chakula gani. Na akiona aibu kufanya linalomponya, msimhubirie. Kaeni nanyi mchekwe naye.