Kidole Kimoja Chini ya Alama

Kaka yangu, fundi wa magari, alikuwa na kidole kimoja kisichotakata. Ni kile cha shahada, cha mkono wa kulia, ambacho kwa miaka ishirini na tisa kilikuwa kikigusa kijiti cha kupimia oili, mpaka weusi ukaingia ndani ya ngozi. Marehemu mkewe alijaribu ndimu, akajaribu majivu, mwisho akamwambia basi, nitakuzika nacho. Akatangulia yeye, Mungu amrehemu.

Watu walimwita Taratibu. Alitengeneza magari ya mbio, lakini yeye mwenyewe alikuwa anaendesha kama amepakia mayai. Hakupenda kusifiwa wala kuharakishwa. Ukimuuliza gari litakuwa tayari lini, anakujibu, "Likiwa tayari," kisha anarudi chini ya gari, unabaki unazungumza na viatu vyake.

Mimi ni dada yake anayemfuata. Baada ya kufiwa na mume wangu nilihamia nyumbani kwake na mwanangu, na gereji ikawa yetu sote. Nilichemsha chai, nilifua ovaroli, na kila asubuhi kabla ya kazi niliosha sakafu. Sakafu ile ilijengwa na mwinuko kidogo upande wa ukutani, ili maji yateremke yenyewe mpaka mlangoni. Ukimwaga ndoo moja nyuma, huna haja ya kusukuma sana. Hilo nilikuwa nalijua kwa miguu yangu.

Kaka naye alilijua kwa namna yake. Magari yote yaliingia kwa pua, yakatazama ukuta. Pua ikikaa juu, oili inakimbilia nyuma ya injini, na kijiti kilicho mbele kinasoma pungufu. Ukijaza mpaka kwenye alama, umezidisha. Kwa hiyo yeye alikuwa anaacha kidole kimoja chini ya alama, na gari likifika mahali tambarare, oili inakuwa sawasawa. Hakuandika popote. "Acha kidole," ndivyo walivyoambizana pale gereji, na mkono wake ulikuwa unafanya hivyo bila hata kumuuliza.

Mwanangu ndiye aliyeendesha gari lao la mashindano. Yeye na mjomba wake walikuwa hawaachi kutaniana. Mwanangu alikuwa anamwambia mjomba, wewe ukishindana na kobe, kobe atakusubiri njiani. Kaka anajibu kwamba kobe ana meno yake yote, na yeye mwanangu lile la mbele ameliacha kwenye usukani.

Siku moja mwanangu alirudi kutoka mashindanoni na habari iliyomfanya kaka aache kutania. Kwenye uwanja wa mbio kuna kona moja ndefu ya kulia, inazunguka kilima chote, na madereva hawapunguzi mwendo pale. Akasema katikati ya kona taa nyekundu ya presha ya oili inawaka, halafu barabara ikinyooka inazimika.

Kaka alinieleza nielewe, kwa sababu nilikuwa nimekaa pale na nilikuwa mama. Akasema nifikirie nimebeba beseni la maji kichwani nikakata kona mbio. Maji yanapanda upande mmoja. Ndani ya injini ni hivyohivyo: oili inakaa chini kwenye karai lake, kuna mrija unaivuta, na gari likizunguka kwa kasi oili inapanda ukutani, mrija unavuta hewa. Vyuma vinasagana vikavu. Sekunde moja vinavumilia, mbili labda. Vikishikana, injini inasimama ghafla, na magurudumu ya nyuma yanasimama nayo, gari likiwa katika mwendo ule.

Akamgeukia mwanangu. "Mjomba, nisikilize. Ile taa ikiwaka, toa mguu. Hata kama unaongoza."

Mwanangu akasema sawa, mjomba. Lakini ile taa alikuwa ameshaizoea. Alisema inamkonyeza kama msichana wa dirishani, na mimi nilicheka, Mungu anisamehe.

Kaka alishusha lile karai la oili, akachomelea ndani yake vibati vya kuzuia oili isikimbie. Ilikuwa kazi ya siku nne. Kwa kuwa chini ya injini palihitaji mwanga, aliwaambia vijana wake wa gereji waliingize gari kinyumenyume, pua itazame mlango. Nilipokuja na ndoo asubuhi nililikuta hivyo, limetazama nje kama mgeni anayetaka kuaga. Nikamwaga maji nyuma, yakapita chini yake yote, yakatokea puani. Niliyaona kwa macho yangu. Sikuwaza neno.

Alipofunga karai akaanza kumimina oili. Lita za zamani hazikumfaa tena, kwa sababu vile vibati vilikuwa vimekula nafasi, basi akategemea kijiti. Alimimina kidogo, akapima, akafuta kwa tambara, akamimina tena. Mara ya mwisho akaweka kidole chake cheusi kwenye kijiti, akaridhika, akafunga boneti.

Siku ya mashindano yaliyofuata lori la kubeba gari lilichelewa. Walipolishusha gari, wenzao walikuwa wameshajipanga, na mwanangu akawasha akaenda moja kwa moja mstarini. Hakukuwa na nafasi ya kupima tena. Kaka alisimama akilitazama linavyokwenda, amekunja tambara mkononi.

Tulikaa kwenye mabenchi ya mbao karibu na ukuta wa uwanja. Benchi letu lilikuwa limeinama upande mmoja. Mbio zilipoanza nilikuwa naomba kimoyomoyo, na ili mikono yangu iwe na kazi nikamimina chai kutoka kwenye chupa, nikaweka kikombe kati yetu. Chai ikasogea upande wa chini, ikagusa ukingo, na upande wa juu ikaacha ukuta wa kikombe mtupu.

Nikaitazama ile chai. Moyo ukanienda mbio kabla akili haijafika.

"Kaka," nikamwambia, "siku ile unajaza oili, gari lilikuwa limetazama mlango."

Alitazama kikombe, kisha akageuza kiganja, akatazama kidole chake. Pua ilikuwa chini. Kijiti kilisoma zaidi ya ilivyo, na juu ya uongo ule yeye akaacha kidole. Vilikosekana vidole viwili, si kimoja.

Sijawahi kumwona kaka yangu akikimbia, si utotoni wala ukubwani. Siku ile alikimbia. Alipanda ukutani, akachukua ubao wa kuwaitia madereva, akauinua kwa mikono miwili. Ulikuwa umeandikwa INGIA, yaani atoke kwenye mbio. Mwanangu akapita akiwa wa kwanza, kama upepo. Akainua mkono, akampungia mjomba wake.

Niliona mgongo wa kaka ukilegea. Mwanangu alidhani anashangiliwa.

Wakaingia kona ndefu nyuma ya kilima, hatukuwaona, tuliwasikia tu. Kaka alifumba macho. Wakatokea upande wa pili, gari letu bado mbele, nami nikashusha pumzi. Lakini yeye alitikisa kichwa. Alisema kwa sauti ndogo, "Injini imeanza kugonga." Mimi nilisikia ngurumo moja tu ya magari yote. Akainua ubao tena, safari hii akiuyumbisha kama mtu anayezama. Mwanangu akapita, na sasa hakupunga.

"Taa itamwambia," nikasema. "Si ulimwambia atoe mguu?"

"Itamwambia," kaka akasema.

Wakaingia tena nyuma ya kilima. Sauti ikawa kama mtu anatikisa kokoto ndani ya debe, ikapanda, kisha ndani ya ngurumo ile pakabaki tundu la ukimya mahali pa gari letu. Halafu matairi yakalia. Halafu kishindo.

Mungu ni mwema. Tulimkuta kwenye rundo la matairi, mfupa wa bega umevunjika, anauliza nani ameshinda. Walipomtoa, kaka aliingiza kichwa kwenye gari. Nikachungulia. Kwenye dashibodi palikuwa na kipande cha utepe mweusi. Kaka akakibandua. Taa nyekundu ilikuwa inawaka chini yake.

Mbele ya watu wote alisema, "Kosa ni langu. Ni kidole hiki." Mwanangu alikuwa kwenye machela, akatazama pembeni, hakusema kuhusu utepe.

Siku hizi kaka hagusi kijiti mpaka aniite nije na ndoo. Namwaga maji, tunayatazama yanakoelekea, kisha anapima. Wateja hucheka kwamba hata oili yetu inatawadhishwa kwanza. Yeye hacheki. Kile kidole amekifunga kitambaa, anapima kwa cha kushoto.

Bega la mwanangu limepona. Injini mpya imefungwa, na wiki ijayo anarudi uwanjani. Jana nilikuwa nafua suruali yake, nikapekua mifuko kama kawaida. Nikatoa utepe mweusi mzima, umeviringwa, mpya, haujakatwa.

Sijamwambia kaka. Nimeuweka mezani, kando ya sahani ya mwanangu, na ninamsubiri aje kula.