Chumba Kilicholiwa na Kuta

Meza ilikataa kukaa. Mlangoni ilipita vizuri, imebebwa kiubavu na wapagazi waliokuwa wakibishana nani kapewa upande mzito. Lakini walipotaka kuisimamisha kwa miguu yake, ncha moja ikagota ukuta wa huku na ya pili ukuta wa kule, ikabaki imeinama kama mlevi aliyekwama uchochoroni. Wakaisukuma. Wakaigeuza. Mmoja akaitukana. Meza haikujali.

Mwenye meza alisimama mlangoni na futi yake shingoni. Alikuwa fundi wa makoti, na watu wote walimwita Dada, hata waliomzidi umri. Hakuhitaji kupima. Chumba kilikuwa kimepungua.

"Irudisheni koridoni," alisema mwishowe. "Na mlango mfunge polepole. Nikiufunga mimi utang'oka."

Nyumba hiyo waliachiwa na wazazi, yeye na mdogo wake wa kiume. Mdogo huyu alifanya kazi ya bima maisha yake yote, lakini mtaa ulimpachika jina la Mhandisi, kwa jinsi alivyoeleza leo kwa uhakika mambo aliyoyasoma jana. Nyumba ni ya zamani, ya mawe ya kuchonga, na miezi ya baridi upepo uliingia humo bila hodi. Ukiwasha hita, unampasha joto mpita njia. Ndipo Mhandisi alipoamua nyumba ivalishwe: kuta na dari zifunikwe kwa vihami joto vinene kama magodoro, madirisha yawe ya vioo vitatu, kila ufa uzibwe, na iwekwe mashine ya kuvuta hewa safi na kutoa chafu bila kuliacha joto litoroke. Mwishoni feni kubwa ingefungwa kwenye mlango wa mbele kupima kama nyumba inavuja, na isipovuja, Mhandisi angepewa cheti.

Dada hakupinga. Mtu aliyejenga maisha yake kwenye makoti anaijua baridi kuliko anayeisoma. Miaka mingi alikata vitambaa akiwa amevaa glavu zilizokatwa ncha, vidole vikiwa vyekundu kama vya mwizi wa nyanya.

Swali lilikuwa unene huo wote utakaa wapi. Mtaalamu, mtu mpole mwenye kalamu tatu mfukoni, alishauri ukae nje.

"Nje?" Mhandisi alishtuka. "Ufunike mawe? Watu husimama barabarani kuyatazama. Uso wa nyumba ya marehemu baba haufunikwi."

Basi uso ukasamehewa, tumbo likalipa. Unene ukaingia ndani, kwenye kila ukuta unaopakana na nje. Hapo kwenye ramani ndipo mtu angepaswa kuuliza. Chumba cha Mhandisi na mkewe, kipana, kiko katikati: ubavu mmoja ni wa jirani, mwingine ni wa ngazi, nje kina ukuta mmoja tu. Chumba cha Dada kimechomoza nyuma ya nyumba kama ulimi. Kuta zake tatu zinapakana na nje. Kwa hiyo magodoro, kama Dada alivyoyaita, yalimjia kutoka pande tatu, na mashine ya hewa ikawekwa ndani ya kabati lake la vitambaa, kwa kuwa huko pembeni isingemsumbua mtu.

Mtaalamu aliuliza, hapo tumpe haki yake. "Na mama huyu anasemaje?"

"Dada hana neno," Mhandisi akajibu, wakati Dada yuko palepale akimmiminia chai.

Sentensi hiyo ilikuwa na umri mkubwa. Ilitumika alipopewa chumba cha nyuma akiwa msichana. Ilitumika mama alipougua na ikabidi mmoja abaki nyumbani, na ikaendelea kutumika mpaka mchumba aliyekuwa akisubiri akachoka kusubiri, akaoa kwingine, tena akiwa amevaa koti aliloshonewa na Dada.

Jioni ile ya meza, Mhandisi aliikuta koridoni, akalazimika kupita kwa ubavu.

"Kumbe meza yako ndefu hivi, dada?"

"Ilikuwa saizi yake mpaka mlipokuja na magodoro yenu."

"Tuipunguze ncha kidogo tu. Hata hutaona."

"Koti refu nalikatia wapi? Kwenye paja lako?"

"Lakini chumba chako sasa ndicho chenye joto kuliko vyote. Mtaalamu mwenyewe kapima."

"Hata kaburini hakuna upepo. Mbona hujahamia?"

Mhandisi akacheka, kama mtu anayecheka mzaha. Wiki hiyohiyo feni ikafungwa mlangoni, nyumba ikapimwa, haikuvuja. Akatembea mtaa mzima akitangaza cheti kama mtu aliyejifungua. Wateja wa Dada walipimwa makoti koridoni, kati ya viatu na miavuli, na wawili hawakurudi.

Asubuhi moja Mhandisi akatoka kwenda kutafutia cheti fremu. Nyuma yake akaja seremala na msumeno.

"Nimeambiwa kuna meza ya kupunguza."

Dada alichukua mkasi wake mkubwa. "Msumeno huo ukigusa meza yangu, mimi naanza na suti za aliyekuita. Kila mguu wa suruali nitaukata kwenye goti."

"Mama, mimi nimeitwa tu."

"Umeitwa vizuri. Kazi ipo. Kitanda kinafunguliwaje?"

Wifi yake alitoka chumbani akiwa na kitana kichwani. "Wifi, jamani, unafanya nini?"

"Na wewe sina ugomvi, wifi yangu. Lakini unalala na mwenye ugomvi. Toa nguo zako."

Wifi alimtazama usoni, akaona mambo ambayo hayakuwahi kuonekana hapo. Akatoa nguo.

Mhandisi aliporudi na fremu kwapani, meza ilikuwa imesimama kwa miguu minne katikati ya chumba kipana, nyuma ya mawe yanayosimamisha watu barabarani. Kitanda chake kilikuwa kimejaza chumba cha nyuma ukuta kwa ukuta. Wa kulala upande wa ndani angeingia kwa kupanda juu ya mwenzake. Kabati la nguo lilikwama koridoni.

"Dada! Hiki ni chumba changu!"

"Nimekupa chenye joto kuliko vyote."

"Huwezi kuamua peke yako! Nyumba ni ya wawili! Mtu lazima aulizwe!"

"Endelea," Dada akasema. "Unasema vizuri sana. Miaka yote nilikuwa wapi nisikusikie?"

Mhandisi akamgeukia mkewe. Mkewe akawa anachana nywele zilizokwisha kuchanwa.

"Na kabati?" akauliza, sauti imeshuka.

Seremala, aliyekuwa akikusanya vyuma vyake, akainua msumeno kwa heshima zote. "Nikupunguzie, bwana?"

Mhandisi aliingia chumba cha nyuma, akakaa kitandani, maana hapakuwa na pengine pa kukaa. Ndani ya kabati la vitambaa mashine ya hewa ikaanza kuvuma.

Dada alifunga mlango, akatandaza kitambaa cheusi cha sufu mezani, akakipiga chaki. Hasira ilikuwa bado haijamtoka. Akauweka mkasi chini, akaketi kusubiri itulie. Kitambaa hakikuwa kimemkosea kitu.