Mgeni wa Kafetiere Tatu

Waliokuwepo siku ile ni hawa. Minye mwenyewe, nikiwa bado mke mupya, sijazoea hata moshi wa jiko la wakwe. Mume wangu Bonifasi. Mama yake, Nalweba, aliyenipokea mu nyumba yake ya Mulongwe, mu Uvira, na ambaye hakuniita kwa jina hata siku moja. Aliniita "muke wa Boni" mpaka mwisho. Na wifi yangu Riziki, dada ya Bonifasi, aliyeolewa Mutarule lakini vita vikamrudisha kwao. Riziki hakuwepo tangu mwanzo. Alikuwa ziwani anaosha vyombo, akatukuta mwishoni. Likumbukeni hilo, maana bila Riziki tungebaki tunafikiri yule alikuwa muntu kama watu wengine.

Na yeye mwenyewe, mgeni. Jina lake nitalitaja likifika mahali pake.

Haya yalitokea. Sikuota, na sikuwa na homa. Kama kuna muntu anasema bibi amezeeka, anachanganya mambo, aje kwangu aone kafetiere, lile birika la kuchujia kahawa, iliyo juu ya kabati, halafu aniambie ilirudi namna gani.

Ninaandika kwa sababu ya mjukuu wangu Neema, yule wa Bujumbura. Amepata nyumba yake, anataka kila asubuhi anywe kahawa nyeusi, safi, isiyo na machicha. Basi akanitumia kwenye simu picha za mashini za kuchuja kahawa: moja ya kioo, moja ya plastiki, moja ya chuma kinachong'aa. "Bibi, tuchague ipi?" Nilipoziona tatu zimepangwa mustari, nikaifunika simu na kitenge. Yeye akafikiri nimekasirika. Sikukasirika. Niliogopa.

Independance, uhuru wetu, ilikuwa imepita, wazungu wengi wamekwenda, na waasi walikuwa wameingia Uvira. Kitu cha kwanza ambacho muntu alijifunza wakati ule ni kunyamaza juu ya kazi yake ya zamani. Aliyekuwa karani, aliyekuwa polisi, aliyempikia muzungu, wote walisema wao ni wavuvi. Ziwa lilijaa wavuvi wasiojua kushona wavu. Bonifasi naye alikuwa mmoja wao. Alikuwa amempikia muzungu mmoja mwenye shamba la kahawa, upande wa Kamanyola, na jambo hilo tulilijua sisi wa nyumba tu. Waliosemwa kwamba walikuwa watu wa wazungu walichukuliwa, na wengi wao hatukuwaona tena. Kwa hiyo kila aliyepita akiuliza maswali, tulimtazama mikono kwanza, halafu macho.

Ilikuwa alasiri, mvua inapiga mabati mpaka hatusikilizani. Muntu akasimama kwenye barza, akapiga hodi. Muzee kiasi, kofia kichwani, koti la zamani la kazi, mgongoni gunia. Mama mukwe akamwambia apite, maana huwezi kumwacha muntu mu mvua hata kama humtaki. Akaketi kwenye kiti cha mbao karibu na mlango. Minye nikatazama koti lake. Niaminini, lilikuwa kavu. Nikajiambia, labda alikuwa amejificha chini ya paa la jirani.

Akafungua gunia, akatoa kafetiere tatu, akazipanga chini. Moja ya udongo mweupe wa kizungu, ina ua limechorwa kwenye kifuniko. Moja ya bati, ghorofa mbili, katikati ina vitundu. Ya tatu ya chuma cha rangi ya buluu, imebanduka kidogo kwenye mdomo, na ndani imening'inizwa mufuko wa kitambaa kama soksi ya mutoto.

"Za wazungu waliokimbia," akasema. "Chagueni moja."

"Kwa bei gani?" mama mukwe akauliza.

"Bure. Mnipe kikombe kimoja tu cha kahawa itakayotoka humo."

Sasa minye nawauliza: wakati ule wa vita, muntu anakupa kitu bure, weye unafikiri nini? Sisi tulifikiri jambo moja wote watatu, bila kuambizana. Huyu ametumwa. Maana kahawa ilikuwa inalimwa kila mahali mu milima na mu bonde, lakini nani kati yetu alikuwa anakunywa? Tulichuma, tukauza, tukanywa uji. Muntu atakayejua ipi ni nzuri kati ya zile tatu, huyo amesimama mu jikoni ya muzungu. Mutego ule ulikuwa umewekwa wazi kabisa chini ya miguu yetu.

Bonifasi akacheka cheko la uongo. "Muzee, minye niko muvuvi. Ukiniletea ndoano nitakuchagulia."

Mama mukwe akasogea haraka. "Minye nataka ile yenye ua. Nitawekea chumvi."

Mgeni hakucheka. "Iko nzuri kwa chumvi, mama. Kahawa inapoa ndani yake kabla hujafika mezani." Halafu akamgeukia Bonifasi. "Na weye, muvuvi? Ile ya bati?"

"Ya bati, ndiyo. Bati haivunjiki."

"Aaa. Ya bati."

Nilijua mume wangu anadanganya. Alikuwa amenieleza mara nyingi, tukiwa peke yetu, jinsi vitundu vya bati vinavyopitisha machicha, kahawa ikafika kwenye kikombe ni matope, na chuma chake kinabaki kwenye ulimi. Alisema kitambaa ndicho kinatoa kahawa nyeusi ambayo unaona ndani yake mpaka chini ya kikombe. Lakini siku ile aliyameza maneno yake, nami nikashukuru.

Mgeni akasema basi tujaribu, tuone. Alikuwa na kahawa yake, imekaangwa, imetwangwa, ndani ya kijaluba. Alipokifungua, harufu ilijaza nyumba yote. Nikaona pua ya Bonifasi inafunguka. Aliacha kazi ile wazungu walipoanza kuondoka, na hakuwahi kunusa kahawa tena. Mgeni akaomba maji ya moto. Nikampa sufuria ikiwa imetoka motoni, nikamwambia angoje nimpe kitambaa cha kushikia. Hakungoja. Aliishika kwa mikono mitupu, akaituliza kwenye magoti yake kama anashika paka.

Halafu akaacha ile ya bati. Akavuta ya buluu, akamwaga kahawa ndani ya soksi, akainua sufuria yote juu ili amwage maji kwa mara moja, pwaa, kama muntu anayemwagilia miche.

"Ngoja!" Bonifasi akasimama. "Ngoja, weye! Unaiua! Kidogo kwanza. Ilowane, iumuke, ivute pumzi. Halafu ndiyo unamwaga polepole, kwa kuzunguka!"

Mama mukwe akamvuta shati, lakini alikwisha kuchelewa.

Mgeni akashusha sufuria. Akamtazama mume wangu kama muntu aliyepata mbuzi wake mu zizi la mwengine. "Kumbe," akasema. "Basi mwaga weye."

Ingefaa nini kukataa? Alikwisha kujulikana. Bonifasi akachukua sufuria kwa kitambaa, na minye nikaona jambo ambalo sikuwahi kuliona: mume wangu akifanya kazi yake. Maji kidogo. Kahawa ikavimba, ikapasuka juu kama udongo mvua ikianza. Akangoja. Halafu maji mengine, kwa kuzunguka, mkono hautetemeki, na chini tukasikia matone yanaanguka. Ilitoka nyeusi, na ilikuwa safi. Akamimina vikombe.

Sasa hapa ndipo panataka masikio yenu. Kwetu, anayekupa kinywaji anakionja kwanza mbele ya macho yako, ili ujue hakuna sumu. Kila mutoto wa ziwa hili anajua. Na aliyeonja kwanza ndiye mwenyeji wa kinywaji kile. Ni chake, na yote yanayokuja nyuma yake ni yake. Lakini kahawa ile ilikuwa ya nani? Unga wa kahawa ulitoka kwa mgeni. Maji na moto vilikuwa vyetu. Mkono uliopika ulikuwa wa Bonifasi. Nani aonje?

Mgeni akasukuma kikombe kwa Bonifasi. "Onja, mupishi."

"Muzee, weye umeileta," nikasema. Nilikuwa bibi harusi, sikupaswa kufungua mdomo, lakini niliufungua.

"Niko mgeni. Mgeni haonji." Akamtazama Bonifasi tena. "Au unaogopa kazi yako mwenyewe?"

Mwanaume ukimwambia hivyo, unajua atafanya nini. Bonifasi akanyosha mkono. Kabla hajakifikia, mama yake alikwisha kukichukua. Nalweba, mama yule aliyekuwa akisema siku zote kwamba kahawa ni maji ya mkaa, alikiweka mdomoni, akavuta mara moja, akameza.

"Nyumba iko yangu," akasema. "Moto uko wangu. Na huyu nilimzaa minye. Mwenyeji ni minye. Kunywa sasa, baba, uende."

Uso wa mgeni ulibadilika. Sikuona hasira. Alikuwa kama muntu aliyechukua mzigo mbali halafu anaambiwa si hapa. Alikunywa kikombe chake mpaka mwisho, polepole, akakirudisha. "Nimemuona mwenyeji," akasema. Akaziweka mbili kwenye gunia, ile ya buluu akaiacha chini, akatoka.

Hatujapumua, Riziki akaingia na sinia la vyombo kichwani, amelowa mpaka mifupa. Hata hakusalimia.

"Zakaria alikuja kutafuta nini hapa?"

"Zakaria gani?" mama yake akauliza.

"Zakaria, yule mupishi wa shamba la kahawa. Nimepishana naye kwenye njia, nikamwamkia, hakunijibu." Akasimama hapo. Nikaona anajisikia mwenyewe maneno aliyosema. Vyombo vikaanza kulia kwenye sinia juu ya kichwa. "Mama. Zakaria tulimzika. Waasi walimchukua awapikie, wakamrudisha mu shuka. Maharage ya matanga Mutarule ni minye niliyapika."

Bonifasi akakaa chini. Yeye ndiye aliyeacha kazi ile, na Zakaria ndiye aliyechukua nafasi yake. Hawakuwa wameonana hata siku moja.

Ndipo nilipoangalia chini ya kile kiti cha mbao. Paa letu halikuvuja upande ule. Lakini chini ya kiti palikuwa na maji, yametulia, meupe, safi kama ya kisima. Nikayagusa. Yalikuwa na moto. Kahawa ilikuwa imepita ndani ya mgeni yule kama ndani ya ile soksi, akabaki na weusi, maji akayaacha.

Kesho yake wakaja vijana wenye bunduki, moja kwa moja mlangoni kwetu, bila kuuliza njia. Mkubwa wao anataka kahawa, wakasema. Wameambiwa iko hapa muntu anayejua kuitengeneza. Bonifasi akainuka, amekuwa majivu.

"Mlitumwa kumchukua nani?" mama mukwe akawauliza.

"Aliyeonja," akasema yule wa mbele, na yeye mwenyewe akakunja uso, kama hajui neno lile lilitoka wapi.

"Basi ni minye."

Wakacheka. Bibi huyu! Lakini hawakumgusa Bonifasi. Nalweba akajifunga kitenge cha pili, akabeba ile kafetiere ya buluu kwenye kwapa kama kuku. Alipopita mbele yangu akasema, "Muke wa Boni, kidogo kwanza, ivimbe, halafu kwa kuzunguka. Si ndiyo?" Nikasema ndiyo, mama. Akaenda. Jua halijazama, Bonifasi alikuwa amevuka mto Ruzizi, yuko Burundi, na akaishi mpaka akaona wajukuu.

Mama yake hakurudi. Tulimtafuta vita vilipoisha, Runingu, Kamanyola, kila mahali. Hakuna kaburi.

Lakini siku moja, Bonifasi amekwisha kurudi toka Burundi, mvua ya alasiri imekwisha kunyesha, nikafungua mlango, nikaikuta ile ya buluu kwenye barza, imebanduka pale pale kwenye mdomo. Soksi yake ilikuwa na moto bado. Kando yake kikombe cha kahawa nyeusi, na juu kilikuwa kimepungua kidogo, kama kikombe cha mwenyeji aliyekwisha kuonja.

Bonifasi alikiinua, akakishika muda mrefu, machozi yanamtoka. Nikamwambia: kama ni mama, ameonja ili usiogope. Kama ni yule mwengine, naye anajua kwamba mama huonja. Akaenda mpaka kwenye migomba, akakimwaga. Kilichotoka kwenye kikombe kilikuwa cheusi. Kilichofika chini kilikuwa maji.

Tangu siku ile hakunywa kahawa tena, na ile kafetiere hakuna aliyeitumia. Ninaipangusa vumbi tu, na siku za mvua ninageukia upande mwengine.

Kwa hiyo Neema, na ninyi wote mnaochagua: kitambaa ni kizuri kuliko bati, hilo Bonifasi alilijua. Nunua dukani, kwa muntu mwenye jasho usoni. Akija muntu mlangoni na vitu vya bure, na koti kavu mu mvua, mwambie aonje yeye kwanza. Akisema mgeni haonji, usimwage maji hata tone, na mkono wako ujifanye haujui kazi yoyote.

Majina nimeyaandika kama ninavyoyakumbuka. Kama kuna muntu wa Mutarule anayesoma hapa, na anajua kwamba Zakaria hakuzikwa, aniambie. Na kama kuna aliyemuona mahali mama mmoja amejifunga vitenge viwili, anaitwa Nalweba, na akajua kwamba nimekosea kusema hakurudi, anisahihishe. Hilo la mwisho ndilo ninaomba zaidi.